Koki kwa Kiunga, Spana kwa Baba

Karurune, Githongo
21 Julai 2024

Kinya binti yangu,

Naanza kwa kukusalimu wewe, mume wako Ireri, na mjukuu wangu Kaari, ambaye nasikia ameshaota meno ya mbele na kwamba humuuma yeyote anayembusu. Sisi huku tu wazima. Kahawa imechanua, ng'ombe anakamuliwa vizuri, na mama yako bado ananishinda kwa maneno.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Nimekuambia mara nyingi: simu ni ya habari, barua ni ya maneno. Tena nikiwa kwenye simu mama yako husimama kando yangu akinisahihisha, hata mimi niliyefundisha Kiswahili miaka yote ile. Bahasha hii nitaipeleka Nkubu, kwenye ofisi ya vifurushi ya magari ya Embu, uichukue huko.

Maneno yenyewe ni maji. Unajua mvua ya Mei ilibomoa banio letu, ule ukuta unaokinga maji ya mto kule juu msituni, na kukata bomba. Tungelitengeneza kwa wiki mbili, lakini mwaka huu mradi wetu wa maji una vichwa viwili. Wanachama wote hupiga kura kuchagua mwenyekiti, na kwa kuwa sisi wa vijiji vya Chini ni watu wengi, walinichagua mimi. Kamati nayo huchaguliwa kijiji kwa kijiji, na vijiji vya Juu ni vingi kuliko vyetu, kwa hiyo kamati ni yao na kiongozi wao ni Kiunga. Katiba inasema bomba haliguswi bila sahihi yangu, na sahihi yangu haina kazi bila kura ya kamati.

Tunachogombania ni ile koki kubwa inayogawa maji, huku Juu, huku Chini. Imo shambani kwa Kiunga, na spana yake hutundikwa ukutani kwa Kiunga. Akitaka tuoge, tunaoga. Niliwaahidi watu wangu kwamba bomba likitengenezwa, koki itahamia kanisani, mpakani. Kamati imeapa haitatoka ilipo. Basi bomba limelala limekatika. Watu wa Juu wana chemchemi zao, hawana haraka. Mama yako anateremka mtoni na jerikani mgongoni, kamba kwenye paji la uso, kama alivyofanya kabla hujazaliwa.

Niombee hekima.

Baba yako,
M'Ikiara

~

Embu
4 Agosti 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na umpe mama shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma. Hapa hatujambo. Kaari kweli anauma. Ireri anasema ametoa hiyo tabia kwetu Wameru, nami nikamwambia Waembu huuma pia, tofauti ni kwamba wao hutabasamu kwanza.

Baba, nimeicheka barua yako kisha nikaacha kucheka. Jambo hilo ndilo ninalofundisha kidato cha tatu wiki hii: upande mmoja umeshika kiti, upande mwingine umeshika baraza. Vitabu vinasema hapo ndipo pande mbili hulazimika kusikizana. Mimi huwaambia wanafunzi kile ambacho vitabu havisemi: mafahali wawili hawakai zizi moja. Kila mmoja hungoja mwenzake achoke, na anayechoka wa kwanza ni mwananchi. Kwenu mwananchi huyo anaitwa mama.

Nisamehe kwa ukali. Lakini nikuulize, si ukoo wetu na ukoo wa Kiunga ni gichiaro? Ulinifundisha tangu nikiwa mdogo kwamba koo hizo mbili zilikula kiapo cha undugu, na kwamba mtu wa gichiaro akikuomba kitu huwezi kumnyima, wala kumdanganya, wala kumdhuru. Ulimpa mzee mmoja fahali wetu kwa sababu alisimama mlangoni akamsifu tu! Nililia siku mbili. Sasa si uende ukamwombe Kiunga hiyo koki, mambo yaishe?

Binti yako,
Kinya

~

Karurune
25 Agosti 2024

Kinya,

Barua yako ilifika, na salamu zako kwa mama yako nilizitoa kwanza kama ulivyoamuru. Hajambo, ila mgongo unalalamika. Nami niko salama.

Wewe si wa kwanza kunishauri hivyo. Kila nikitoka kanisani wananivuta kando. "Mwenyekiti, si umwombe na gichiaro? Hawezi kataa." Wanasema hivyo wakitazama huku na huku, maana hata mchungaji wetu, anayesema damu ya Kristo ilimaliza viapo vyote, hajawahi kuthubutu kuijaribu gichiaro ya ukoo wake.

Sitaomba. Wazee waliweka gichiaro ili watu wasiuane, na ili mwenye njaa apate mlango. Hawakuiweka ili mtu ashinde mkutano. Nikimwomba Kiunga atasema ndiyo, na hiyo ndiyo haitakuwa yake. Nitakuwa nimemfunga kamba nikamkokota. Na kesho nitakaaje naye kamati moja?

Kuhusu hao mafahali wako wawili, mimi nimefuga ng'ombe. Hupigana, ni kweli. Lakini nimewaona pia wakikaa zizi moja mwaka mzima, kwa sababu ua ulikuwa na nguvu.

Nitazidi kuongea na kamati. Mvumilivu hula mbivu.

Baba yako

~

Embu
8 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Kuhusu mama siulizi, maana najua tayari.

Purity wa jirani ndiye aliyeniambia kwamba mama aliteleza kule mtoni na jerikani ikiwa mgongoni, na kwamba mlimrudisha nyumbani kwa toroli ya majani ya ng'ombe. Wewe hukuniambia. Simu ni ya habari, Baba! Hii haikuwa habari?

Nimezungumza na Ireri. Desemba tutakuja na gari, na ikiwa maji hayajafika kwenye mfereji wa nyumbani, mama ataondoka nasi aje akae Embu. Sijali wewe utasema nini. Ukitaka kubaki na katiba yako, baki nayo, na ujipikie.

Mimi nawapenda nyote wawili. Ila naona wewe na Kiunga mtasimama pale hadi mama aishe. Basi niachie mimi.

Binti yako

~

Karurune
6 Oktoba 2024

Kinya binti yangu,

Salamu. Mama yako ameanza kutembea hadi kuku wanapolala, na jana alinikaripia kwa sauti yake ya kawaida, kwa hiyo ujue anapona. Mimi afya ninayo. Moyo ndio sijui niuelezeje.

Alhamisi ya wiki jana, asubuhi, Kiunga alikuja hapa nyumbani. Hakuwahi kufika kwangu tangu uchaguzi. Alikuwa amevaa koti la kanisani, na mlangoni akavua kofia yake ya kahawia, ile ambayo hajawahi kuivua hata mbele ya chifu. Akaketi.

"M'Ikiara," akasema, "msichana yako alinipigia simu."

Nikavuta kiti karibu.

"Ameniomba na gichiaro. Amesema mama yake ameanguka, nitoe koki. Sasa mimi nimekuja kusema ndiyo. Kesho vijana wakuje wachimbe, wapeleke kanisa. Siwezi kataa, hata nikitaka vipi."

Kinya, ulifanya nini? Gichiaro haiitwi kwa simu kama boda boda! Haiitwi nyuma ya mgongo wa baba yako. Maji yakimwagika hayazoleki, na hilo neno lilikuwa limeshamwagika.

Lakini nikuambie ukweli. Pale pale nilikuwa nimeshinda. Yote niliyowaahidi watu wangu yalikuwa mezani, na sikuwa nimenyanyua hata kidole. Kisha nikaitazama mikono ya Kiunga. Ilikuwa ikiikunja na kuikunjua hiyo kofia. Yule mwanaume anayenguruma mkutanini hadi mabati yanalia! Nikaingiwa na hofu, si ya kumwogopa yeye, hofu kama ile ya kuingia kanisani ukiwa mtoto ukikuta hakuna mtu.

Akasema, "Baba yangu ndiye alifunga hiyo koki, wakati mradi ilianza. Alilala hapo nje mpaka simiti ikakauka. Lakini ni sawa. Chukua."

Nikamwambia, "Ndugu yangu, umeombwa na mtoto asiyejua uzito wa alichoshika. Mimi nakurudishia neno lake. Na kwa kuwa tumeshafika hapa, wewe niombe. Kisha mimi nitakuomba. Jambo moja moja."

Hapo ndipo tulipokwama, binti yangu. Mama yako alileta uji, ukapoa. Akarudi, akatutazama, akaondoka bila kusema neno, jambo ambalo halijawahi kutokea katika ndoa yetu. Maana fikiria. Angeniomba nijiuzulu, ningejiuzulu. Angeniomba shamba la kahawa, ningempa. Nami ningemwomba maji yote ya Juu, naye angesema ndiyo. Hakuna kati yetu aliyeweza kumkatalia mwenzake, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kufungua mdomo. Miezi yote tulipokuwa na uwezo wa kukataa, tulidai kila kitu. Siku tuliyonyang'anywa uwezo huo, kila mmoja akaanza kumwonea mwenzake huruma.

Jua lilikuwa limefika kwenye kizingiti aliposema, "Naomba koki ibaki pale baba aliiweka."

Nikasema ndiyo. Ahadi yangu kwa watu wa Chini ikafa hapo, nami nikaisikia ikifa.

"Haya, sasa wewe sema yako," akaniambia.

Niliwaza siku za zamu, niliwaza upana wa bomba, niliwaza mengi, na mdomo ukazidi kuwa mzito. Nikasema, "Naomba spana."

Akafumba macho. Najua aliona nini: watu wa Juu wakimwita msaliti. Bila spana, hiyo koki ni chuma tu kilichozikwa shambani kwake. Akayafumbua, akasema, "Ndiyo."

Kwa hiyo koki iko kwake na spana iko kwangu. Mimi siwezi kufungua maji bila kuingia shambani kwa Kiunga, na yeye hawezi bila mimi kufika na chuma. Alilipeleka jambo hilo kwa kamati. Waliposikia ni gichiaro waliinua mikono huku wametazama chini, nami nikatia sahihi. Jumatatu vijana wanapanda msituni kutengeneza banio.

Uombe msamaha. Si kwangu, kwa Kiunga. Na usitumie simu.

Baba yako

~

Embu
20 Oktoba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo kwa mama mwenye sauti yake. Sisi wazima.

Niliisoma barua yako nikiwa nimesimama pale ofisi ya vifurushi, na nilipomaliza nikakuta watu wananizunguka kupita. Nimemwandikia Mzee Kiunga. Nimempa heshima yake yote na kumwambia kwamba nilishika moto nikidhani ni taa. Barua nimeifunga pamoja na hii, umpelekee. Baba, nilidhani gichiaro ni njia ya mkato. Sikujua kwamba ukimwomba mtu hivyo, nawe unakuwa umejifunga. Naona aibu, lakini zaidi ya aibu nastaajabu. Nimeishi miaka yote hii nikiamini watu wazima wenye vyeo hawabadiliki.

Niliwasimulia kidato cha tatu bila kutaja majina. Darasa lilitulia hadi nikasikia kuku wa jikoni. Kisha kijana mmoja anayeitwa Ngari akanyoosha mkono. "Lakini mwalimu, hao wakubwa wa serikali hawana gichiaro. Sasa wao watamwogopa nani?"

Nilimwambia nitamuuliza mtu anayejua. Je, unajua?

Na watu wa Chini wanasemaje kuhusu ahadi yako?

Binti yako

~

Embu
12 Januari 2025

Baba mpendwa,

Heri ya mwaka mpya tena. Tulifika salama, na kile kiti tulichomtengea mama kwenye gari kilijaa ndizi. Kaari hupiga kila ukuta akisema "maji", maana kwa nyanya yake maji hutoka ukutani. Poleni na zile alama za meno.

Sikukuambia hili nilipokuwa huko. Ile Jumatatu kabla ya Krismasi nilikufuata. Ulisema unaenda zamu ya koki, nami nikatembea nyuma yako, wewe na spana begani. Kiunga alikuwa ameshafungua lango. Hamkusalimiana hata! Nikadhani bado mna kinyongo. Kisha mkapiga magoti nyote wawili kwenye lile shimo, wazee wawili na magoti yenu yanayolia, akaondoa kifuniko, ukaingiza spana, naye akaweka mkono wake juu ya mkono wako. Mkazungusha pamoja. Kwanza hakukutokea kitu. Halafu nikasikia ardhi ikiunguruma chini ya viatu vyangu, polepole, ikielekea kwetu nyumbani. Baba, nilivua kitambaa changu cha kichwa bila kujua kwa nini. Nimefundisha serikali miaka tisa na sikuwahi kuiona kwa macho hadi siku hiyo.

Lakini nilifika pia sokoni Githongo, na masikio ninayo. Chini wanasema M'Ikiara alituuza. Juu wanasema Kiunga alilishwa kitu. Mkutano wa wanachama wa kuchagua viongozi ni mwezi ujao. Nina wasiwasi.

Binti yako

~

Karurune
16 Machi 2025

Kinya binti yangu,

Salamu kwako, kwa Ireri, na kwa yule mwenye meno. Mama yako mzima kabisa, amepanda sukuma wiki hadi mlangoni kwa sababu maji yapo, na sasa natembea kwa upande kuingia nyumbani mwangu.

Nimechelewa kukujibu. Nilingoja niwe na jambo la kukuambia lisilo malalamiko.

Ulikuwa na haki ya kuwa na wasiwasi. Tulianguka. Mimi nilipata kura za majirani na za mama yako, na hata yeye sina hakika. Kiunga aliangushwa na kijiji chake mwenyewe. Mwenyekiti mpya ni kijana wetu Muthomi, ambaye amewaahidi Chini kwamba koki itatoka. Kamati mpya ni ya Juu tena, na imewaahidi Juu kwamba spana itarudi. Vichwa viwili, kama mwanzo. Iliniuma, sitakuficha. Nilitembea kutoka mkutanoni peke yangu, na karibu na njia panda nikasikia nyayo nyuma yangu. Alikuwa Kiunga. Tulitembea pamoja hadi kwake.

Kikao chao cha kwanza, nasikia, Muthomi alisema waende waing'oe koki. Mtu mmoja wa kamati akasema waende kwanza wachukue spana. Wakakubaliana! Kisha ikaulizwa nani ataenda. Kila mtu akamtazama mwenzake. Hadi leo hajaja mtu, kwangu wala kwake.

Sasa nikuambie la wiki iliyopita, kisha unaweza kumjibu yule kijana wako Ngari.

Kiunga ameugua mguu, amelazwa hospitalini Nkubu. Jumatatu nilienda na spana nikakuta lango liko wazi na shamba halina mtu. Kifuniko kilikuwa kimeondolewa tayari, nadhani na mkewe kabla ya kwenda hospitalini. Ilikuwa zamu ya Chini, hakuna ambaye angelalamika. Tena nikawaza: hakuna mtu anayeniona. Ningeweza kuyafungulia maji yote yaende Chini wiki nzima, na watu wangu wangenibeba juu juu, wangenirudishia na kiti. Spana ninayo, koki hii hapa, mwenyewe hayupo. Nilikuwa nimepata ile serikali ya kichwa kimoja ambayo kila mtu huililia.

Nilipiga magoti nikaingiza spana. Mkono haukuzunguka. Si kwamba koki ilikuwa ngumu. Nilikuwa nangoja uzito wa mkono wa pili, na haukuja, na bila huo sikujua nizungushe kiasi gani. Niliketi pale kwenye nyasi, spana mapajani. Chini kule watu walianza kugonga ndoo. Nikasikia mtu akiliita jina langu kwa hasira. Sikuondoka.

Baadaye akatokea Kanini, mke wa Kiunga, kwa miguu kutoka barabarani, anatweta. Alikuwa ametoka hospitalini. Hakuniuliza ninafanya nini pale. Alifungua mfuko wake, akatoa ile kofia ya kahawia, akaiweka juu ya nguzo ya ua, ikitazama shimo.

"Amesema ufungue," akasema. "Amesema yeye yuko hapa."

Mwambie Ngari kwamba sijui wakubwa wamwogope nani. Mimi ni mwalimu mstaafu na sasa si mwenyekiti wa chochote. Ninachojua ni kwamba niliitazama ile kofia, nikazungusha polepole, nikaachia pale ambapo Kiunga huachia, na nilikuwa nalia.

Maji yakateremka. Nilipofika nyumbani mama yako alikuwa anajaza pipa, akaniuliza kwa nini nimechelewa hivyo na watu wana kiu. Nikamwambia nilikuwa namngoja Kiunga.

Baba yako,
M'Ikiara